Mtoto kuzaliwa amechoka: kosa ni la leba, la kliniki, au la mama mwenyewe?

#1 MwanaTandika
Wakuu, heshima kwenu. Mke wangu kajifungua wiki iliyopita, mtoto wetu wa kwanza. Mimba ilitimia, presha haikumsumbua, kliniki hakukosa. Mtoto katoka hajalia. Wakamsugua mgongo, wakampa hewa kwa ile barakoa ya kubonyeza kwa mkono, ndipo akalia. Akakaa kidogo wodi ya watoto wachanga, sasa yuko nyumbani ananyonya, Alhamdulillah. Karatasi ya kuruhusiwa imeandikwa 4 halafu 8.

Nyumbani sasa kila mtu ana lake. Mama mkwe anasema bintiye alikula udongo kupita kiasi. Jirani anasema kitovu kilimkaba shingoni. Shangazi anasema kuna mtu alimwangalia vibaya. Mimi nasema hivi: alikaa leba usiku kucha na mtu wa kusikiliza mapigo ya mtoto alikuwa anakuja kwa nadra. Watoto wengi wa Dar wanaozaliwa wamechoka wanachokea leba, si tumboni. Anayepinga aje na hoja.

#2 kadogoo
Hongera kwa kupata mtoto. Hiyo 4 na 8 ni nini, uzito?

#3 nesi_zamu_usiku
Si uzito. Ni alama za Apgar. Mtoto akizaliwa tunaangalia vitu vitano: mapigo ya moyo, kupumua, ukakamavu wa viungo, anavyoitikia akiguswa, na rangi ya ngozi. Kila kimoja kinapewa 0, 1 au 2, jumla 10. Tunapima dakika ya kwanza na ya tano. Kuanzia 7 kwenda juu tunaridhika. Wa @MwanaTandika alianza na 4, dakika ya tano akawa na 8, maana yake alisaidiwa akaitikia. Ikibaki chini ya 7 dakika ya tano ndipo tunaendelea kupima kila baada ya dakika tano, na wasiwasi unakuwa mkubwa zaidi.

Na hizo alama hazisemi kwa nini mtoto alichoka. Zinasema tu hali yake wakati ule.

#4 Mzee wa Kurasini
Apgar ni kifupisho cha maneno ya Kiingereza, tulifundishwa zamani kwenye huduma ya kwanza. Kila herufi na dalili yake.

#5 msomaji_kimya
Mzee, shikamoo. Apgar ni jina la mtu. Dk. Virginia Apgar, Mmarekani, daktari wa usingizi, alibuni kipimo hicho mwaka 1952 na kikachapishwa mwaka uliofuata. Herufi kupewa maana moja moja ni mbinu ya kukariri, ilikuja miaka mingi baadaye.

#6 Mzee wa Kurasini
Marahaba. Basi mwalimu wangu alinipa kifupisho bila kunipa mwenye jina. Tuendelee.

#7 Mama Pacha Mbagala
@MwanaTandika pole na hongera. Mimi sikubali kwamba yote yanatokea leba. Wanangu mapacha walikuja kabla ya muda, njiti wote wawili, mmoja hata kilo mbili hakufika. Leba nilihudumiwa vizuri sana, nisiwasingizie. Shida ilianza huko nyuma: damu yangu ilikuwa chini, halafu mapacha. Mapacha peke yake ni hatari tosha, wengi hawafiki wiki 37. Mtoto wa hivyo hata azalishwe na profesa, mapafu hayajakomaa, joto linamtoka upesi, kunyonya hajui.

#8 Chanika kwetu
Watu wa mjini mnaongelea leba, sisi tunaongelea barabara. Uchungu ukianza saa za foleni, kutoka huku hadi hospitali kubwa unaweza kuzalia kwenye bajaji. Shemeji yangu alianzia zahanati ya karibu, wakamwambia mtoto amekaa vibaya, nenda na rufaa. Ambulensi ikasubiriwa. Kufika, mtoto kachoka. Sasa hapo utamlaumu nesi aliyempokea mwishoni?

#9 BintiTemeke
@Chanika kwetu siku hizi kuna m-mama, unapiga 115 bure, usafiri wa dharura kwa mjamzito na mtoto mchanga. Watu wengi hawaijui namba. Iandikeni nyuma ya kadi ya kliniki.

#10 Chanika kwetu
Namba naijua. Nazungumzia muda unaopotea kabla mtu hajaamua kupiga. Wanasubiri mume arudi kazini, wanasubiri bibi aseme "huu ni uchungu wa kweli".

#11 nesi_zamu_usiku
Nimjibu mleta mada. Uchungu wenyewe ni mtihani kwa mtoto. Kila mkazo unapobana, mishipa inayolisha kondo la nyuma nayo inabanwa na damu inayomfikia mtoto inapungua. Mkazo ukiachia, anapata hewa tena. Mtoto aliyeshiba mimba nzima, kondo likiwa zima, anavumilia vizuri. Aliyeingia leba amedhoofu hana akiba ya kumvusha. Kwa hiyo mara nyingi tumboni na leba vinashirikiana.

Mikazo ikizidi mitano ndani ya dakika kumi, mtoto hapati nafasi ya kupumzika. Na hapa niseme jambo ambalo watu hawapendi kulisikia: dawa za mitishamba za kuongeza uchungu. Mama anakunywa nyumbani, anafika kwetu mikazo imefuatana kama treni, hasemi kitu. Sisi bila kujua tunaweza kumwekea na dripu. Tafadhali, kama umekunywa, sema. Hatukufukuzi.

#12 fundi_wa_Buguruni
Na hizo dripu zenu za uchungu je? Mbona zinawekwa hovyo ili kitanda kiwe wazi haraka? Dada yangu aliwekewa, hakuna aliyekaa kuangalia matone. Mtoto alizaliwa amechoka, mpaka leo shingo haijakaza.

#13 nesi_zamu_usiku
@fundi_wa_Buguruni pole sana. Dripu ile ikitumika bila kusimamiwa inafanya madhara yaleyale ya mitishamba, na hata mfuko wa uzazi unaweza kupasuka. Sitaitetea ikitumika hivyo. Kanuni ni mtu kuwa karibu, kuhesabu mikazo na kusikiliza mapigo. Mapigo ya mtoto yanatakiwa kusikilizwa walau kila nusu saa uchungu ukishashika kasi, na kila dakika tano wakati wa kusukuma. Ukiwa na wazazi wengi na wahudumu wachache, ndugu zangu, fanyeni wenyewe hesabu.

#14 MwanaTandika
Umenisaidia @nesi_zamu_usiku, maana hiyo ndiyo hoja yangu. Kila nusu saa haikufanyika. Mke wangu anakumbuka.

#15 Dr wa Mkoani
Mkuu, kumbukumbu ya mtu mwenye uchungu siidharau, lakini kuna kitu kinaitwa patografu. Ni karatasi inayochorwa leba: njia imefunguka sentimita ngapi, mapigo ya mtoto, mikazo, presha ya mama. Jibu lako likiwepo, limo humo. Njia ilikuwa sentimita ngapi alipopokelewa?

#16 Sharobaro_Sinza
Mimi bado nipo kwenye kitovu shingoni. Mbona hamkizungumzi? Kila mtoto aliyechoka mtaani kwetu ni kitovu.

#17 Dr wa Mkoani
Kwa sababu hakistahili lawama yote hiyo. Takribani mtoto mmoja kati ya wanne au watano huzaliwa kitovu kimemzunguka shingoni, na walio wengi wanalia vizuri kabisa. Mkunga anakipitisha juu ya kichwa, basi. Hatari inakuja kikiwa kimebana sana au kikitangulia kutoka kabla ya mtoto. Hicho cha kutangulia ndicho dharura ya kukimbilia upasuaji.

#18 Sharobaro_Sinza
Kwa hiyo mnamtetea kitovu. Hata yeye ana wakili humu 😂

#19 Bi Mkubwa Ilala
Wanangu, na mimi nichangie, nimelea wajukuu wengi. Wasichana wa leo wanakula udongo kama karanga. Ule wa pemba wa sokoni, kipande mkobani, kipande ofisini. Udongo unaganda kwa mtoto, anazaliwa mweupe mdomoni hana nguvu.

#20 msomaji_kimya
Bi Mkubwa, shikamoo. Udongo haumfikii mtoto wala haumgandi, unaishia kwenye utumbo wa mama. Lakini huko nako hauna heri: mara nyingi anayetamani udongo ana upungufu wa damu, na udongo unaweza kuzuia madini ya chuma yasinyonywe vizuri, achilia mbali minyoo. Damu ya mama ikiwa chini sana, mtoto anaweza kuzaliwa kabla ya wakati au na uzito mdogo, yaani chini ya gramu 2,500. Kwa hiyo mama mkwe wa @MwanaTandika hajakosea kuuliza, ila njia haipiti alikofikiria.

#21 Bi Mkubwa Ilala
Marahaba mwanangu. Ndiyo hayo niliyosema.

#22 BintiTemeke
Ndiyo maana kliniki wanatoa FEFO, vile vidonge vya kuongeza damu. Lakini nani anameza? Mimi zilinichefua, nilikuwa nazificha kwenye mkoba, na SP, ile dawa ya kukinga malaria, nikameza mara moja tu. Nilijua malaria nikiumwa nitajua.

#23 Dr wa Mkoani
Malaria ya mjamzito ina tabia mbaya: inaweza kujificha kwenye kondo la nyuma, mama anatembea mzima, homa hana, huku mtoto ananyimwa chakula. SP inatolewa kwa sababu hiyo, haisubiri uumwe. Kipimo cha kaswende cha siku ya kwanza ya kliniki nacho watu wanakiona kero, wakati kaswende isiyotibiwa inaua mtoto tumboni au inamtoa mapema.

Tena hapa Dar penyewe uliwahi kufanyika utafiti wa wajawazito zaidi ya 8,000 wasio na VVU, ukachapishwa mwaka 2007. Nusu walipewa vidonge vya vitamini mchanganyiko, nusu hawakupewa. Waliopewa walizaa watoto wachache zaidi wenye uzito mdogo. Kuzaa kabla ya wakati hakukupungua kwa kiasi cha kujivunia. Kwa hiyo lishe ina mchango wake, na ina mpaka wake.

#24 mpishi_wa_mkaa
Na moshi je? Dar nzima inapika mkaa. Mjamzito anakaa nao jikoni chumba kimoja, dirisha dogo, wali na maharage. Nilisoma kuwa moshi unahusishwa na watoto wenye uzito mdogo. Hakuna anayeuliza jambo hilo kliniki.

#25 Chanika kwetu
Gesi ikiisha kabla ya mshahara, utapikia nini mkuu?

#26 mpishi_wa_mkaa
Sijasema watu wanapenda. Nimesema halitajwi.

#27 takwimu_zinasema
Nimekaa kimya muda mrefu. Wote mna vipande. Angalieni picha kubwa. Utafiti wa taifa wa afya ya uzazi wa 2015/16 ulitoa vifo vya kina mama 556 kwa kila vizazi hai 100,000. Ule wa 2022 ukatoa 104. Kujifungulia kwenye vituo vya afya kukapanda kutoka asilimia 63 hadi 81. Sasa vifo vya watoto ndani ya siku 28 za kwanza: 25 kwa kila 1,000, halafu 24. Vimebaki palepale.

Kina mama wamefika hospitali. Watoto wachanga bado wanakufa kwa kiwango kilekile. Hapo mimi naungana na mleta mada: kufika si kuhudumiwa.

#28 Dr wa Mkoani
Takwimu ni sahihi ila usiikimbize hoja. Vifo vya kina mama vinavyokadiriwa kwa tafiti za kaya vina wigo mpana wa makosa, tofauti ya 556 na 104 isisomwe kama mizani ya duka. Pili, vifo vya wachanga havina chanzo kimoja. Vikubwa ni vitatu: kuzaliwa kabla ya wakati, kukosa hewa wakati wa kuzaliwa, na maambukizi. Unaweza kupunguza kimoja na kingine kisiguswe. Kumwokoa njiti wa kilo moja kunahitaji wodi, oksijeni, mashine ya kusaidia kupumua, na muuguzi asiyehamishwa kila mwezi.

#29 takwimu_zinasema
Sawa, lakini kuna vitu rahisi vilivyoonyesha matokeo hapahapa kwetu. Mafunzo ya kumsaidia mtoto kupumua ndani ya dakika moja, kumkausha, kumsugua, kumpa hewa, yalijaribiwa katika hospitali 8 za Tanzania. Matokeo yaliyochapishwa 2013 yalionyesha vifo vya saa 24 za kwanza vilipungua kwa asilimia 47. Hiyo ni barakoa na mikono, si mashine.

#30 nesi_zamu_usiku
Nakubali. Na ile barakoa ndiyo iliyomtoa mtoto wa @MwanaTandika kwenye 4. Ila mafunzo yanataka kurudiwa. Ukifundishwa mara moja, mkono unasahau.

#31 mkereketwa_wa_haki
Kwenye post yangu ya mwanzo nilitaja jina la nesi aliyemwacha dada yangu, imefutwa. Kwa nini?

#32 Msimamizi
Tumeifuta. Majina ya wahudumu na hospitali kwenye malalamiko hayaruhusiwi humu. Peleka malalamiko kwa uongozi wa hospitali husika. Uzi uendelee kwa staha.

#33 Mama Pacha Mbagala
Kwa njiti naomba niongeze la kangaroo. Wanangu nilifungwa nao kifuani, ngozi kwa ngozi, usiku na mchana. Bibi yao aliona tunawatesa, "watoto wanataka blanketi". Nikamwambia joto la mama linatosha.

#34 msomaji_kimya
Na hilo lina ushahidi mzito. Utafiti wa nchi tano, Tanzania ikiwemo, ulichapishwa 2021. Njiti walioanza kangaroo mara tu baada ya kuzaliwa, bila kusubiri watulie kwanza, walikufa wachache kwa robo ukilinganisha na waliosubirishwa.

#35 kadogoo
Dar na joto hili mtoto anapataje baridi?

#36 nesi_zamu_usiku
@kadogoo swali zuri. Mtoto anatoka kwenye maji, yuko uchi, ameloa. Feni juu, dirisha wazi, anashuka chini ya nyuzi 36.5 upesi sana, hata Dar mwezi wa Februari. Ndiyo maana tunamkausha kwanza, tunamweka kifuani kwa mama, na kuoga tunaomba isubiri walau saa 24. Bibi anayekuja na beseni la maji ya moto siku ileile, mwombeni kwa heshima asubiri.

#37 Bi Mkubwa Ilala
Nimeisoma hiyo. Beseni langu halijaua mtu.

#38 Sharobaro_Sinza
Bi Mkubwa leo wamekuandama 😂 shikamoo bibi yetu.

#39 Mrs_Mikocheni
Mnawasahau wenye hela. Kwetu huku fasheni ni kuchagua tarehe ya operesheni, birthday iangukie siku nzuri. Rafiki yangu alifanyiwa kabla ya wiki 39 bila sababu ya kitabibu, mtoto akahangaika kupumua, akapelekwa kwenye oksijeni. Tuliambiwa mapafu yalikuwa bado na maji, kwamba uchungu wa kawaida humsaidia mtoto kuyakausha. Huyo hakukosa nesi, hakukosa kliniki, hakula udongo.

#40 fundi_wa_Buguruni
Kumbe hata pesa inachosha mtoto.

#41 Mwanamke_wa_Pwani
Mimi nataka kuleta la manjano. Mwanangu alizaliwa analia vizuri, siku ya pili macho njano. Wazee wakasema mwanikeni jua la asubuhi. Hospitali wakatuuliza nguo za mtoto zilihifadhiwa wapi. Zilikuwa kabatini na zile punje nyeupe za nafutalini! Wakaeleza kuwa huku kwetu pwani watu wengi wana upungufu wa kimeng'enya kinacholinda chembe za damu, kifupi chake ni G6PD, na harufu ya nafutalini inaweza kuzivunja chembe za damu za mtoto wa namna hiyo. Akawekwa chini ya taa ya bluu, akapona.

#42 Dr wa Mkoani
Hii wote waisome mara mbili. Nguo za mtoto mchanga zifuliwe, zikae mbali na nafutalini. Na manjano yakionekana ndani ya saa 24 za kwanza si ya kuanikwa juani, ni ya hospitali siku hiyohiyo. Jua la asubuhi halitibu manjano makali. Sababu nyingine ni makundi ya damu ya mama na mtoto kutopatana.

#43 Zuhura_K
Samahani kuingilia. Dada yangu ana wiki 33, chupa imepasuka jioni hii, uchungu hana kabisa. Mama anasema tusubiri uchungu uanze. Tuko Kimara.

#44 nesi_zamu_usiku
@Zuhura_K usisubiri uchungu. Nendeni sasa hivi, tena hospitali kubwa yenye wodi ya njiti, si zahanati. Chupa ikikaa imepasuka muda mrefu, hasa kupita saa 18, wadudu wanapanda kwa mtoto. Na kwa wiki hizo kuna sindano za kukomaza mapafu ya mtoto ambazo daktari anaweza kuamua kumpa, zinahitaji muda kufanya kazi. Chukua kadi ya kliniki. Kama usafiri hakuna, 115.

#45 Zuhura_K
Asanteni. Tumepata gari.

#46 Mama Pacha Mbagala
Zuhura, Mungu awatangulie. Mkifika mwambieni daktari saa kamili iliyopasuka na rangi ya maji.

#47 Mzee wa Kurasini
Hakuna aliyemjibu shangazi wa mleta mada. Mnaogopa? Wengi hapa usiku mnafunga hirizi asubuhi mnabishana kwa takwimu.

#48 BintiTemeke
Mzee, mwanangu alipata degedege siku ya pili, tukazunguka kwa mganga kwanza. Hospitali wakasema sukari ilishuka, mimi nilikuwa na kisukari cha mimba na mtoto alikuwa mkubwa. Shangazi simpingi, ila sukari ilipimwa ikaonekana.

#49 Zuhura_K
Tumefika, amelazwa, kachomwa sindano ya kwanza. Mapigo ya mtoto yapo vizuri.

#50 MwanaTandika
Afadhali, Zuhura. Nirudi kwa @Dr wa Mkoani: alipokelewa saa mbili usiku, njia sentimita 5. Kajifungua saa kumi na mbili asubuhi.

#51 Dr wa Mkoani
Saa kumi kutoka sentimita 5 kwa mimba ya kwanza haijatoka nje ya kawaida, WHO inahesabu hadi saa 12. Kwa hiyo muda peke yake hauthibitishi kosa.

#52 takwimu_zinasema
Wala hauondoi kosa. Mleta mada halalamikii urefu wa usiku, analalamikia mapigo kutosikilizwa. Mtoto anaweza kuchoka ndani ya saa moja asipoangaliwa.

#53 nesi_zamu_usiku
Na anaweza kuchoka dakika za mwisho za kusukuma hata ukiwa umesimama hapo umeshika kifaa. Nimeyaona yote mawili.

#54 MwanaTandika
Jumatatu narudi hospitali kumpeleka mtoto kuangaliwa. Nitaomba nionyeshwe hiyo patografu.

#55 mkereketwa_wa_haki
Omba kwa maandishi, kwa mganga mfawidhi, usiombe dirishani.

#56 Dr wa Mkoani
Sahihi. Ukipata, angalia mstari wa mapigo, zile nukta za juu kabisa. Nafasi kati ya nukta na nukta ndiyo itakayokwambia.